Bunduki ya shabaha: ya kiwandani au ya fundi? Ulinganisho kwa walio Nyanda za Juu Kusini

Kati ya wapenzi wa kulenga shabaha kuna ubishi usioisha: kiwanda kikubwa kina haja gani ya kuunda bunduki maalumu kwa ajili ya mchezo wenye wachezaji wachache? Wapo wanaosema kazi hiyo ni ya mafundi, wanaounda moja moja kwa oda. Wengine wanasema bila bunduki ya dukani mchezo utabaki kuwa wa wazee wenye hela. Ubishi wenyewe unavuma zaidi Marekani na Ulaya, ambako mtu ana fundi bunduki wa kumpigia simu na uwanja wa mita 900 si mbali na kwake. Ukiuleta Iringa au Mbeya mizani inahama. Mimi upande wangu nausema mapema: kwa aliye huku, viwanda viendelee kuunda, tena viongeze. Ila si kila bunduki ya kiwandani inafaa, na si kwa kila mchezo.

Namwandikia aliyeshika bunduki mara ya kwanza akiwa kuruta JKT Mafinga na hamu ikambaki. Namwandikia pia mwenye shamba Mufindi au Mbozi ambaye ana bunduki ya leseni ya kuwindia na sasa anataka kushindana kwa karatasi badala ya nguruwe pori, na wale wanaowaza kuanzisha klabu ya bunduki za upepo. Na ninaposema fundi, simaanishi mhunzi wa magobole. Huyo kazi yake ni kosa la jinai na haimo kwenye mjadala huu. Fundi ninayemzungumzia ana leseni na mashine ya kereza. Ananunua mwili wa bunduki kwa huyu, mtutu mbichi kwa yule, kitako kwa mwingine, kisha anaviunganisha kwa vipimo vya sehemu ndogo za milimita.

Fundi anamshinda wapi kiwanda

Tuanze kwa kumpa haki yake. Bunduki nzuri ya kiwandani ya shabaha, ikiwa na risasi nzuri, itakusanya matundu matano ndani ya sentimita 1.5 hadi 3 kwa mita 100. Ya fundi hodari, iliyoundwa kwa mchezo wa kupiga ukiwa umekaa mezani, hukusanya matundu hayo ndani ya sentimita moja, mara nyingi chini ya hapo. Kwenye mchezo huo, ambao mshindi hupatikana kwa kupima upana wa kundi lenyewe la matundu, bunduki ya dukani haina nafasi. Hapo sina la kubishana.

Lakini chukua F-Class, mchezo uliobuniwa Kanada na George Farquharson, ambaye mwili ulikuwa umeanza kuzeeka lakini hakutaka kuacha kushindana, akaomba apige akiwa amelala na bunduki ikiwa imeegemezwa, tena kwa darubini. Kwa mita 900 duara la alama za juu lina upana wa karibu sentimita 26, na kiini cha ndani yake nusu ya hapo. Risasi ya kaliba ya .308, yaani yenye upana wa inchi 0.308, inayosafiri umbali huo, ikipigwa na upepo wa ubavu wa kilomita 16 kwa saa, inasukumwa kando karibu mita 2. Ukikosea kuukadiria upepo huo kwa robo tu, umetoka nje ya duara kwa kosa la nusu mita. Anayeujua upepo wa Makambako, unaovuma hivi dakika hii na kugeuka dakika ijayo, ataelewa kwa nini sishawishiki na mtu wa mwaka wa kwanza anayetoa fedha nyingi ili apunguze milimita chache kwenye kundi lake la mita 100. Alama zake zinapotelea kwenye upepo, na upepo hauna fundi.

Bei nayo iko mbali. Bunduki ya fundi ya F-Class ni kawaida kuvuka dola 4,000 kabla hujanunua darubini, na kuisubiri ni suala la miezi. Ruger, kiwanda cha Marekani, walipotoa Precision Rifle yao mwaka 2015 waliiwekea bei ya dola 1,399. Haikuwa bora kuliko ya fundi. Ilikuwa inatosha, na ilikuwa dukani.

Chemba: hapa ndipo penye hatari

Hili ndilo jambo ambalo walinganishaji wengi hulipita haraka, na kwa sisi wa huku ndilo kubwa kuliko yote.

Chemba ni pale risasi inapokaa kabla ya kulipuka. Kiwanda hukata chemba kwa kipimo rasmi cha kaliba, chenye nafasi kidogo, ili risasi ya kampuni yoyote ya kaliba hiyo iingie na kutoka salama. Fundi wa mashindano hufanya kinyume. Anaibana chemba imfae mteja mmoja na risasi moja, ile ambayo mteja anaijaza mwenyewe nyumbani, ganda kwa ganda, shingo ya kila ganda, pale linaposhika kichwa cha risasi, ikiwa imekwanguliwa kwa mashine iwe na unene uleule. Ndiyo maana inapiga vizuri.

Sasa ichukue bunduki hiyo uipeleke Mbeya. Risasi zinazopatikana kwa urahisi nchini ni za kuwindia, na unanunua ulichokikuta. Ganda la kiwandani, lenye shingo nene kuliko chemba ilivyokusudia, likilazimishwa kuingia kwenye chemba iliyobanwa, shingo inakosa nafasi ya kufunguka na kukiachia kichwa cha risasi. Shinikizo linapanda ghafla. Kwa bahati nzuri utaona ganda limegoma kutoka. Kwa bahati mbaya mwili wa bunduki ndio utakaopasuka, na uso wako uko sentimita chache kutoka hapo.

Kwa hiyo ule ulegevu wa chemba ya kiwandani, ambao wenzetu wa Marekani wanaulalamikia kama uzembe, kwetu ni kinga. Sitaki iliyobanwa hata nikipewa bure, mpaka siku nitakapokuwa na uhakika wa risasi za aina moja mwaka mzima. Na kujijazia risasi mwenyewe ni jambo la kuuliza kwanza kwa wenye mamlaka ya leseni kabla ya kuagiza hata kopo la baruti.

Mtutu unaisha

Waliokulia karibu na misitu ya Sao Hill hawahitaji maelezo marefu: kwenye chenso, mnyororo na upanga wake ni vitu vya kuisha, unachonunua ni injini. Bunduki ya shabaha iko hivyohivyo. Ukiingiza kamera nyembamba ndani ya mtutu uliochoka, mbele kidogo tu ya chemba, utaona chuma kimechanika mistari midogomidogo, imepita huku na huku, na kingo za mikato inayoizungusha risasi zimelika. Ni moto wa baruti. Huku nje mtutu unang'aa kama mpya, na mwuzaji atakuonesha huko nje.

Kasi ya kuisha inategemea kaliba. Mtutu wa .308 unaweza kupiga risasi 4,000 au zaidi kabla shabaha haijaanza kutawanyika. Wa 6.5-284, kaliba iliyopendwa sana na watu wa F-Class, huchoka kati ya 1,000 na 1,500. Mzunguko mmoja wa mashindano ni risasi 20 na mbili tatu za kujipima, kwa hiyo mtutu huo unakwisha baada ya mizunguko hamsini au sitini. Wa .22 ndogo utakuzika wewe.

Hapa kuna tofauti kubwa kati ya viwanda na viwanda. Savage, kiwanda kingine cha Marekani, hufunga mtutu kwa nati. Mtutu ukichoka, mtu mwenye ujuzi, bana imara na geji za kupimia chemba anaweza kuweka mwingine bila mashine ya kereza. Bunduki ya fundi, kwa desturi, mtutu wake umekerezwa kukaa kwenye mwili ule mmoja tu. Ukiisha, unairudisha kwa fundi, na fundi yuko nchi nyingine. Kuvusha bunduki mpaka ili ibadilishwe mtutu ni vibali vya kutoka, vibali vya kuingia, na vibali vya kurudi. Nao mtutu wenyewe ni sehemu ya silaha, hauletwi kwa kifurushi cha basi kama spea ya pikipiki. Lakini kuomba kibali cha mtutu mmoja uliokerezwa tayari, wenye namba ya bidhaa inayojulikana, ni kazi nyepesi kuliko kuisafirisha bunduki nzima kwenda na kurudi.

Utaniambia viwanda navyo hufa, na ni kweli. Remington, waliokuwa na 40-X, bunduki ya shabaha iliyotoka kiwandani tangu miaka ya 1950, waliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2018 na tena 2020, mali ikagawanywa na kuuzwa. Lakini angalia kilichobaki. Umbo la chini la mwili wa Model 700, bunduki yao nyingine, limeigwa na watengenezaji wengi kiasi kwamba vitako, triga na magazini ya umbo hilo bado vinaundwa na kampuni kadhaa ambazo hazikuwa na undugu wowote na Remington. Mwenye bunduki ya umbo hilo hakuachwa njiani. Fundi mmoja akifa, vipimo vyake huenda naye kaburini, labda mwanawe awe ameachiwa daftari.

Viwanda vinaogopa nini

Ukiwa upande wa kiwanda, woga wao unaeleweka. Mashine ya kufua mtutu kwa nyundo, ile inayopiga chuma juu ya umbo la ndani mpaka mikato ijichore, ni ghali mno na inataka maelfu ya mitutu ya aina moja ili ijilipe. Mchezo wa watu mia chache hauulishi mtambo huo.

Halafu kanuni hubadilika. Shindano la bunduki la mita 300 liliondolewa Olimpiki baada ya 1972. Mita 50 ya kulala ikafuata, mara ya mwisho ikiwa Rio 2016. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham 2022 haikuwa na kulenga shabaha kabisa, ingawa ndiyo michezo iliyokuwa imeilea bunduki kubwa ya masafa kwa miaka mingi. Kiwanda kilichoweka hela kwenye bunduki ya mchezo mmoja kinaweza kuamka asubuhi kikute mchezo wenyewe haupo tena.

Lakini wapo walioishi kwa soko hilohilo dogo. Anschütz wa Ulm, Ujerumani, jina lao limejengwa na bunduki za shabaha za .22, na wamedumu kwa sababu kitabu cha kanuni za bunduki cha ISSF, shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha, kimesimama kwa miongo. Uzito hauzidi kilo 8 kwa mita 50, kiini cha alama 10 ni milimita 10.4, basi, kiwanda kinajua kinachoundia. Mahali kanuni zimetulia, kiwanda kinathubutu. F-Class daraja la TR nalo linaelekea huko: kaliba mbili tu, .223 na .308, na uzito usiozidi kilo 8.25 pamoja na darubini na miguu yake. Savage waliunda bunduki ya daraja hilo, mtutu wa sentimita 76, wakaiweka kwenye orodha ya kawaida ya bidhaa. Mashindano ya Precision Rifle Series huko Marekani yana daraja la bunduki za kiwandani lenye ukomo wa bei, na hilo kwa maoni yangu limefanya zaidi kuwavuta vijana kuliko tangazo lolote. Ukitaka viwanda vije, wape kanuni zisizoyumba na daraja lao la kushindania.

Kinachonikera ni bunduki ya kuwindia iliyovalishwa kitako cha mashindano na kuitwa ya shabaha. Mtutu mwembamba, triga nzito, bei imepanda. Hiyo iacheni dukani.

Ukiwa huku, mchezo kwa mchezo

Bunduki ya upepo ya mita 10: hakuna cha kulinganisha, nunua ya kiwandani. Kiini cha shabaha ni nukta ya nusu milimita, na wanaoipiga Olimpiki wanatumia Feinwerkbau, Walther, Anschütz na wenzao hao. Uamuzi wako wa kweli uko kwenye hewa. Bunduki za kisasa hujazwa hewa mpaka shinikizo la baa 200. Kompresa ya fundi matairi pale stendi haifiki hata sehemu ya kumi ya hapo, na hewa yake ina maji na mafuta. Utahitaji pampu maalumu ya mkono au mtungi wa wapiga mbizi, na wapiga mbizi hawapo Njombe. Kama hilo linakushinda, tafuta Feinwerkbau 300S ya mtumba, ya springi, iliyotamba miaka ya 1970. Haina mtungi wa kupitwa na muda. Ukinunua ya mtungi iliyotumika, soma tarehe iliyopigwa chapa kwenye mtungi kabla ya kuangalia kitu kingine.

Kwa klabu, ya kiwandani ina faida moja ambayo fundi hawezi kuigusa: kitako kinachorekebishwa. Binti mfupi anapiga, anashuka. Unalegeza skrubu mbili, unarefusha kitako, unapandisha pale pa shavu, na kaka yake mrefu anashika zamu palepale. Unaandika vipimo vya kila mmoja kwenye kadi. Bunduki ya fundi imekatwa kwa mwili wa mtu mmoja, na klabu haina hela ya kununua bunduki kwa kila mwili.

Mita 50 kwa .22: ya kiwandani tena. Anayeanza, CZ 457 yenye mtutu mnene inatosha kabisa. Anayejiona anafika mbali, Anschütz. Usishangae ukiona bunduki inapenda boksi moja la risasi na kulikataa lingine la kampuni ileile. Wenzetu hupeleka bunduki zao kwenye maabara za Eley au Lapua, watengenezaji wa risasi, kujaribiwa kwa toleo baada ya toleo, yaani mkupuo mmoja mmoja wa risasi zilizotengenezwa pamoja. Huku, ukipata toleo linalokusanya vizuri, nunua kiasi ambacho leseni yako inakuruhusu na uandike namba ya toleo.

Masafa marefu: .308 ya kiwandani, daraja la TR. Nimesikia vijana wanataka kuanza na 6.5 Creedmoor, kaliba iliyotolewa na kampuni ya risasi ya Hornady mwaka 2007. Kwenye upepo ni tamu kuliko .308, sikatai. Lakini hairuhusiwi TR, mtutu wake huisha mapema, na risasi zake ni ngumu kupata kuliko za .308 inayotumiwa na wawindaji. Kumbuka pia tuko juu. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Bunduki iliyorekebishwa Dar es Salaam itapiga juu ukifika huku, kwa masafa marefu, na jedwali la marekebisho lililochapwa kwenye boksi la risasi halikukutengenezea wewe. Kwa mita 10 na 50 usijisumbue nalo.

Kitako cha mbao za jozi ni kizuri kwa macho. Ukungu wa Mufindi unapokaa wiki nzima, mbao hunywa unyevu, hubana mwili wa bunduki, na kundi lako linahama bila sababu unayoiona. Kitako cha alumini au cha mbao zilizounganishwa kwa gundi tabaka kwa tabaka hakikusumbui hivyo. Hili viwanda vimelielewa. Mafundi wengi pia, ila mteja ndiye anayeng'ang'ania mbao.

Na fundi je, ana nafasi huku? Anayo, kwa mtu aliyeshindana miaka kadhaa, anayesafiri kwenda viwanja kama General de Wet wa Bloemfontein, ulikofanyika ubingwa wa dunia wa F-Class mwaka 2023. Afrika Kusini wana mafundi na wana viwanja, na ukiwa mtu wa kwenda huko kila mara, umeshapata mahali pa kubadilishia mtutu. Kwa mtu huyo ningeshauri daraja la Open, kilo 10, kaliba yoyote isiyozidi milimita 8, na hapo sasa fundi apewe uhuru.

Kuna njia ya tatu inayojitokeza, na ndiyo ya kuwa nayo macho: bunduki ya fundi iliyotumika, inauzwa nusu bei au chini ya hapo. Mwuzaji atasifia kundi la risasi tano alilolibandika ukutani. Wewe muulize mambo mawili kabla ya kuuliza bei: mtutu umeshapiga risasi ngapi, na chemba imekatwa kwa kipimo gani cha shingo. Jibu la pili liwe kwa maandishi, mchoro wa chombo kilichoikata au walau namba iliyochorwa kwenye mtutu, ilinganishwe na ganda la risasi utakazonunua huku. Hayo yakinyooka, namba ya bunduki ipeleke kwanza polisi kwenye kitengo cha leseni uulize kama itakubaliwa, ndipo utume hela.